Shajara ya Makonyo: nani aokote kwanza

Mikono miwili, karafuu moja

Kazi imefika kwenye mraba mmoja wa mkanda. Juu yake imekaa karafuu moja. Kaskazini kuna mkono wa mashine, kusini kuna mwingine, yote miwili mitupu, yote miwili inaitaka, na yote miwili inaiona katika pigo lile lile la saa ya mchezo. Nani aokote?

Kwa anayeingia sasa: Makonyo ni mchezo wa kujenga kiwanda ninaoutengeneza hapa Chake Chake kwa Godot, injini (programu) ya kutengenezea michezo, na unalenga simu za Android za bei ya kawaida. Jina nimelitoa kwenye kiwanda cha mafuta pale Wawi, ambacho mtoto wa Chake hukijua kwa pua kabla ya kukijua kwa macho. Mchezaji anaanza na mikarafuu michache na majamvi. Anachuma, anachambua, anaanika, na makonyo yanayobaki, yaani vikonyo vya karafuu, anayapeleka kwenye mtambo wa kukenekea, wa kuyatoa mafuta kwa mvuke. Vipimo nimevikopa kwenye kazi yenyewe: kilo tatu za karafuu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, nayo makonyo hutoa mafuta ya asilimia 5 hadi 7 hivi ya uzito wake. Kwa hiyo ndani ya mchezo karafuu mbichi 3 huwa kavu 1, na makonyo 20 huwa kipimo kimoja cha mafuta. Mtoto wa skuli anaipiga hesabu hiyo kichwani, na ndivyo nilivyotaka.

Mpaka sasa mikanda inatembea, mikono inaokota na kuweka, meza ya kuchambulia inatoa vitu viwili, karafuu na makonyo, kama inavyotakiwa, jamvi linakausha, boila inawaka. Michoro bado ni miraba ya rangi tu. Hilo halinikoseshi usingizi. Mraba ule mmoja ndio unaonikosesha.

Injini ikiachwa ijiamulie

Niliiacha Godot iamue kwanza, nione itaamua kwa lipi. Godot hupanga vitu vyote vya mchezo kwenye mti, na katika kila pigo (mapigo ya fizikia kwa kawaida ni 60 kwa sekunde) huupitia mti huo kutoka juu kwenda chini. Kilichoko juu hufanya kazi yake mwanzo. Kinachojengwa baadaye huongezwa chini. Basi mkono uliotangulia kujengwa ndio unaotangulia kuokota, leo na kesho, na wa pili hupata pale tu mwenzake anapokuwa na mzigo mkononi.

Nikampa mpwa wangu simu acheze, bila ya kumweleza kitu. Akajenga mikono miwili kwenye mkanda mmoja, huu wa jamvi, huu wa ghala. Ghala likajaa, jamvi likakaa tupu. Akauvunja mkono wa ghala, akaujenga tena pale pale, umegeukia kule kule. Sasa jamvi likajaa na ghala likakosa.

"Mjomba, mchezo wako una jini."

Hamna jini, kuna orodha. Lakini orodha hiyo mchezaji haioni, na kwake yeye viwanda viwili vinavyofanana kwa kila jiwe vinatoa matokeo mbalimbali. Kuna baya zaidi: ukihifadhi mchezo na kuufungua tena, mti hupangwa upya kufuatana na faili lilivyoandikwa. Kiwanda kinalala na tabia moja kinaamka na nyingine.

Godot inayo dawa ya nusu. Kila kitu kwenye mti kina namba ya process_physics_priority, na mwenye namba ndogo hutangulia. Nimeitumia kupanga matabaka: mikanda isogee kwanza, kisha mikono, kisha mashine. Hapo inafaa sana na itabaki hapo. Kwa mikono miwili ya tabaka moja haisaidii chochote, maana lazima mtu aitoe hiyo namba, na swali linarudi pale pale: aitoe kwa haki gani?

Viwanda vya wenzetu

Nimerudi kuvicheza viwanda vya watu, safari hii daftari pembeni. Nilikuwa naangalia kitu kimoja tu, nani anaachiwa na nani.

Factorio ya Wube Software, kampuni ya Prague, ndiyo inayotajwa kwanza kila mahali, na ina haki. Ilifika toleo la 1.0 Agosti 2020. Mkanda wake wa manjano hupitisha vitu 15 kwa sekunde, mwekundu 30, wa buluu 45, na nyongeza ya Space Age ya Oktoba 2024 ilileta wa kijani wa 60. Kila mkanda una njia mbili sambamba. Mkono unapoweka kitu juu ya mkanda hukiweka kwenye njia iliyo mbali nao, siku zote, hakuna mjadala. Mkanda unaoingia kwa ubavu hujaza njia ya karibu peke yake. Sheria mbili fupi hizo, na juu yake wachezaji wamejenga ustadi mzima: bamba za chuma njia hii, za shaba njia ile, mikono ya pande mbili inapakia mkanda mmoja bila ya kugombana.

Ila kipaumbele kikubwa kuliko vyote katika Factorio hakina kitufe. Ni mahali. Mashine iliyoko mwanzo wa mkanda huokota kabla ya iliyoko mwisho, kama nyumba iliyo karibu na tangi la maji inavyojaza ndoo zake wakati bomba la nyumba ya mwisho linakohoa hewa. Na hili halionekani mpaka mzigo upungue. Mkanda ukijaa hadi ukasimama, kila mashine inashiba na suala la nani kwanza linakufa lenyewe. Tanuri la mawe hutoa bamba moja kila sekunde 3.2, kwa hiyo yanahitajika matanuri 48 kuujaza mkanda wa manjano. Jenga 40, halafu weka mwishoni mwa mkanda mashine zenye kula bamba 15 kwa sekunde, uone zipi zitakaa njaa. Utaweza kuzitaja kwa majina kabla hujabonyeza chochote: za mwisho.

Kuna na kigawanyi, kinachopokea mikanda miwili na kutoa miwili. Kikiachwa hivi hivi hugawa nusu kwa nusu. Tangu toleo la 0.16, mwishoni mwa 2017, mchezaji anaweza kukiambia upande upi wa kuingilia utangulie na upande upi wa kutokea ushibe kwanza. Mimi hiki ndicho ninachokihusudu. Mshale mdogo, upande mmoja, basi. Ukiutazama mkanda unaona kipaumbele kilipo bila ya kufungua ukurasa wowote.

Roboti zake nazo zina adabu yao. Kasha la zambarau linasukuma vitu vyake nje, la manjano ni la akiba, jekundu linasubiri kuombwa. Ombi likija, roboti huanza kutafuta kwenye zambarau, na jekundu huguswa mwisho. Mtu anaweza kucheza muda mrefu sana asijue, kisha akajiuliza kwa nini kasha lake jekundu halipungui.

Satisfactory, ya Coffee Stain Studios ya Sweden, haina mikono kabisa. Mkanda unaingia tumboni mwa mashine moja kwa moja. Kigawanyi chake kina milango mitatu na hutoa kwa zamu. Wachezaji wengi hupanga mashine mstari mmoja, kila moja na kigawanyi chake, na wa kwanza anameza sehemu kubwa. Halafu tumbo lake linajaa, mzigo unapita kwa wa pili, naye anajaa, unapita. Mkanda ukiwa unaleta vya kutosha, baada ya muda wote wanakwenda sawa. Kwa hiyo kipaumbele cha mahali pale ni cha kupita tu, kinadumu mpaka matumbo yajae. Kigawanyi cha daraja la juu kina mpangilio wa furiko: toa huku, kukijaa toa kule. Kwa upande wa kuunganisha mikanda, wachezaji walisubiri mpaka toleo la 1.1 la mwaka 2025 ndipo wakapata kiunganishi chenye kipaumbele. Nashangaa kilichelewa hivyo. Kuunganisha ndiko kwenye ugomvi zaidi kuliko kugawa. Anayegawa ana mzigo, anayeunganisha ana wenye mizigo.

Mindustry nimeiacha mwisho kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inakwenda kwenye simu zile zile ninazozilenga. Yenyewe haina namba wala mshale. Kipaumbele kimo ndani ya umbo la kipande: geti la kufurika hupeleka mbele, na mbele pakiziba ndipo hutoa kushoto na kulia, kichambuzi hupitisha mbele kitu ulichokichagua na kutupa vingine ubavuni, ruta hugawa kwa zamu pande zote zinazopokea, na haijali mzigo umetoka upande gani. Ukiweka ruta kadhaa zikagusana, mizigo inazunguka kama wanaotembeleana sikukuu. Mtoto anaielewa kwa kuitazama. Tatizo langu nayo ni nafasi. Vipande vinne kusema neno moja, kwenye kioo cha inchi sita, ni vingi.

Maombi kwanza, kuokota baadaye

Sasa kwenye msimbo. Nimeachana na mtindo wa kila mkono kuamka, kutazama na kunyakua. Kila pigo sasa lina hatua mbili. Katika ya kwanza hakuna anayegusa kitu: mkono unaoweza kufikia karafuu unaandika ombi, "naitaka hii". Katika ya pili karafuu ndiyo inayochagua. Inayatazama maombi yake na kumpa mmoja, wengine wanarudi mikono mitupu kusubiri pigo lijalo.

Inachagua hivi. Kwanza inatazama ngazi aliyoiweka mchezaji: juu, kati, chini. Ngazi tatu tu. Nilifikiria namba moja hadi kumi, kisha nikamtazama mpwa wangu anavyobonyeza kwa kidole gumba huku anakula mabungo, nikaacha. Ngazi zikilingana, anapewa aliyesubiri zaidi. Kusubiri kukilingana pia (hutokea mchezaji anapobandika kiwanda kizima kwa mkupuo), inaamua ramani: wa kaskazini kabla ya wa kusini, wa magharibi kabla ya wa mashariki.

Hiyo sheria ya ramani haina haki yoyote ndani yake na sijaribu kuitetea kwa haki. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa kiwanda kile kile kinatoa jibu lile lile kwenye simu yoyote, baada ya kuhifadhi, baada ya kufungua, baada ya kuvunja na kujenga upya. Nilipompa mpwa tena, akavunja na kujenga mara nyingi kwa ukorofi. Jini halikutokea. Akaonekana kama amedhulumiwa kidogo.

Kusubiri nako kuna ujanja wake. Kuuhesabia kila mkono mapigo yake ni kazi bure ya prosesa. Mkono unaandika namba ya pigo ulipoanza kusubiri, halafu unalala. Anayeitaka hesabu anatoa namba hiyo kwenye pigo la sasa. Namba hiyo inahifadhiwa kwenye faili pamoja na kiwanda, maana bila yake foleni ingeanza upya kila mchezo unapofunguliwa.

Kuhusu mikanda nimefuata njia waliyoieleza watengenezaji wa Factorio mwaka 2017 katika makala zao za kila Ijumaa. Badala ya kukumbuka kila kitu kiko wapi na kukisogeza kimoja kimoja, mkanda unakumbuka nafasi iliyopo baina ya kitu na kitu. Msururu mzima ukisogea, inabadilika namba moja ya mbele, nyingine zinabaki. Faida iliyonijia bila ya kuiomba: mkono sasa unaweza kuulizia karafuu itafika mbele yake baada ya mapigo mangapi, na kulala mpaka hapo.

Kugawa sawa kunavyoua boila

Kabla ya kuziweka ngazi nilijaribu mchezo wa usawa mtupu, kila mtu kwa zamu, kwa sababu nilitaka kuona kama ngazi zinahitajika kweli. Zinahitajika. Hesabu yake ni nzuri, acha niiweke hapa.

Katika mchezo wangu makonyo yana wateja watatu: mtambo wa kukenekea unayataka kama malighafi, boila inayataka kama kuni, ghala linayataka kuuza. Mvuke wa boila ndio unaoziendesha mashine zote, pamoja na meza ya kuchambulia inayotoa hayo makonyo. Meza ikiwa na mvuke kamili hutoa makonyo 6 kila sekunde kumi. Boila inahitaji 3 kati ya hayo ili mvuke ubaki kamili.

Gawa sawa: kila mteja anapata 2. Boila imepata thuluthi mbili ya haja yake, mvuke unashuka mpaka thuluthi mbili, meza inapunguza mwendo, sasa yanatoka makonyo 4. Thuluthi ya 4 ni moja na kitu. Mvuke unashuka tena. Makonyo 2.67, halafu 1.78, na kiwanda kinazimika taratibu kila mtu akiwa amepewa fungu lake kwa uadilifu mkubwa. Ipe boila ngazi ya juu: inachukua 3, mvuke unabaki kamili, meza inatoa 6, na yaliyobaki 3 wanagawana mtambo na ghala daima.

Wachezaji wa Factorio wanaijua hali hii kwa upande wa umeme. Mikono ya umeme inalisha makaa kwenye boila zinazozalisha huo umeme. Matumizi yakizidi, mikono inakwenda polepole, makaa yanapungua, umeme unapungua, mikono inazidi kuzorota. Ndiyo maana wapo wanaouacha ule mkono wa zamani unaokula makaa kwenye mlango wa boila, ijapokuwa ni mzito: unajilisha wenyewe kutoka kwenye mzigo unaoubeba. Na gridi ya mchezo ule ina foleni yake, sola kwanza, mvuke baadaye, betri mwisho kabisa. (Umeme wetu Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na ulikatika nikiwa katikati ya aya hii. Kompyuta ina betri. Mwisho kabisa, kama kawaida.)

Lakini ngazi ya juu peke yake ni hatari vilevile. Boila yenye haki ya kutangulia na isiyo na kikomo ingemeza makonyo yote ya kisiwa na kuyarundika. Factorio imeliziba hilo kimya kimya: mkono unalisha kuni mpaka zifike vipande 5 ndani, kisha unaacha. Mashine za kuundia nazo hupewa malighafi ya mizunguko michache ijayo tu. Nimechukua 5 hiyo hiyo bila ya aibu. Kwa kweli nikiulizwa ni namba gani muhimu zaidi katika mchezo wote nitasema hiyo, wala si kasi ya mkanda. Kikomo ndicho kinachoifanya ngazi ya juu ivumilike kwa walio chini.

Ami na wingu

Ami alikuja Ijumaa baada ya sala. Ana mikarafuu upande wa Mkoani na ameanika tangu hajafika balehe. Nikamwonyesha.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe hii?" Akaishika simu mbali na uso. "Huu unachuma?"

"Unachuma, ule unapeleka jamvini, ule unapeleka makonyo kiwandani."

"Na mvua ikija?"

"Mvua ikija karafuu zilizoko jamvini zinaharibika."

"Hilo nalijua kabla hujazaliwa. Nakuuliza mkono huu wa kuchuma, mvua ikija, bado unachuma?"

"Bado unachuma, ami."

"Basi hauna bwana."

Akaeleza, kama vile mimi si mtoto wa Pemba. Wingu likisimama hakuna anayebaki juu ya mti. Aliyeko juu anashuka, anayechambua anaacha, aliyekuwa anapika anaacha chungu, wote majamvini. Jua likirudi kila mmoja anarudi kwenye kazi yake. Na msimu mkubwa mara nyingi hukutana na vuli, kwa hiyo hili si jambo la kutokea mara moja.

Ngazi zangu zilikuwa za kudumu. Za ami zinageuka kwa kutazama juu. Nimetafuta njia ya kuliingiza hilo bila ya kuugeuza mchezo kuwa somo la umeme. Factorio ina nyaya za ishara zinazoweza kuwasha na kuzima mkono kwa sharti lolote unalolitaka, na wanaozipenda wanajenga nazo maajabu, lakini kwa simu na kidole gumba ni nyingi mno. Kilichoingia ni kengele ya mvua. Kila mkono sasa una ngazi mbili, ya jua na ya mvua. Mchezaji asiyegusa ya mvua, zinabaki sawa. Kengele ikilia, mikono yote inasoma ngazi ya pili.

Hapo likazuka la mkono ulioshika mzigo. Kengele inalia, mkono uko hewani na makonyo, ghala limejaa, hauwezi kuweka wala kuokota karafuu zinazolowa. Kuudondosha mzigo chini sikutaka, itakuwa fujo. Nimeweka nafasi za kushikiwa: mkono hauokoti mpaka unakopeleka pakubali kwanza, na nafasi hiyo inahesabiwa imejaa tangu mzigo uko hewani. Mkono ulioshika kitu basi daima una pa kukiweka, na hauchelewi zaidi ya mzunguko wake mmoja. Inagharimu hesabu ya ziada kila pigo. Naona inastahili.

Ami ameicheza mvua tatu nne, kisha akauliza kwa nini hakuna kitufe cha kumpigia kelele mkono.

Kilichobaki juu ya meza

Fupi hili. Meza ya kuchambulia hutoa karafuu na makonyo pamoja, na upande mmoja ukijaa meza inasimama yote. Mchezaji mwenye tamaa ya karafuu anaweka mikono ya karafuu ngazi ya juu, makonyo yanajaa, karafuu zinasimama, naye anaongeza mikono ya karafuu. Factorio inalo hili kwenye usafishaji wa mafuta ghafi wa hatua ya juu: mafuta mazito yakijaa, gesi ya petroli haitoki, na dawa ni kuyageuza mazito kuwa mepesi, yakipelekwa na pampu zinazofunguka tangi likizidi kiwango. Kitovu cha Mindustry, yaani ghala kuu la mchezaji, kwenye kampeni huchoma kinachozidi, kimya kimya. Nimekataa kuchoma kimya kimya. Kuna kipande cha rundo la nje, chenye sheria moja: hupokea kwa ngazi ya chini kuliko chini, pale tu hakuna mwingine aliyeomba. Makonyo yanarundikana hapo, mchezaji anayaona, anajua kiwanda chake kinapoteza nini.

Kwenye simu

Kwenye simu ndogo kuliko zote nilizonazo, kiwanda chenye mikono mia tano kinakwenda mapigo 60 bila ya kuyumba, kwa sababu mikono mingi imelala. Ikiamka yote pamoja, yaani kengele ikilia, kinadodora kwa nusu sekunde. Nitaiamsha mikono kwa mafungu, ya ngazi ya juu kwanza, iliyobaki mapigo machache baadaye. Kwa jicho haitaonekana, na mpangilio wa nani kwanza hautaguswa kwa kuwa ya chini isingepewa kitu katika mapigo hayo hata hivyo, palipo na mgombea wa juu. Palipo na wa chini peke yake itachelewa kidogo. Nakubali.

Rangi za ngazi: nyekundu juu, manjano kati, buluu chini, alama ndogo kwenye kiwiko cha mkono, kwa kuuiga ule mshale wa kigawanyi. Manjano juu ya jamvi haionekani kabisa ukiwa nje juani, ami ndiye aliyeligundua, kwa hiyo inageuka nyeupe kabla toleo la 0.4 halijatoka. Ukurasa wa kuunganisha mikanda miwili haujaanzwa. Kiunganishi kitapata mshale, upande mmoja tu, na kitaanza bila ya mshale.